Kutoka Brick Lane hadi Canterbury, tukifuata makanisa ya wageni

Tulishuka kituo cha Aldgate East, jijini London, Jumamosi asubuhi, tukaishika Brick Lane kwa mguu hadi kona ya Fournier Street. Jengo tulilolifuata ni msikiti. Juu ukutani kuna saa ya jua yenye mwaka 1743 na maneno ya Kilatini, Umbra sumus, yaani sisi ni kivuli. Lilijengwa na Wahugenoti, Waprotestanti wa Ufaransa, ambao wengi walikimbia baada ya Louis XIV kuwafutia haki ya kuabudu mwaka 1685. Mwaka 1819 likawa la Wamethodisti, 1898 sinagogi, 1976 msikiti. Wahugenoti hawakufukuzwa hapa. Wajukuu walikulia katika Kiingereza, wakahamia makanisa ya jirani, na ibada ya Kifaransa ikabaki na wazee.

Austin Friars ni mwendo wa dakika 25 hivi. Kichochoro chenyewe kimejificha kando ya Old Broad Street, ni rahisi kukipita. Kanisa la Waholanzi lililopo ni la miaka ya 1950, kwani la kale lilibomolewa na bomu Oktoba 1940. Mwenye muda mchache autumie hapa. Julai 1550 mfalme Edward VI, akiwa na miaka 12, aliwapa wageni Waprotestanti hati, msimamizi wao akiwa Jan Łaski kutoka Poland. Hawakupewa paa tu. Waliruhusiwa kuwa na wachungaji wao, kusali kwa lugha zao na kufuata taratibu zao hata pale zilipotofautiana na za Kanisa la Uingereza.

Tatizo ni kwamba ruhusa yote iliegemea mfalme mmoja. Alipofariki mwaka 1553 na Mary, Mkatoliki, akatawala, Łaski na watu wapatao 175 walipanda meli kwenda Denmark. Huko Walutheri, Waprotestanti wenzao, waliwakatalia kukaa kwa sababu hawakuafikiana juu ya Meza ya Bwana, na baridi ilikuwa imekwisha kuingia. Miji ya Lübeck na Hamburg nayo haikuwataka. Emden ndiyo iliyowapokea. Chini ya Malkia Elizabeth I, aliyemfuata Mary, kanisa lilirudi mikononi mwa wageni, ila safari hii msimamizi akawa askofu wa London.

Kutoka kituo cha Bank panda treni ya Central, hesabu vituo vinne, shuka Tottenham Court Road. Kwenye Soho Square, juu ya mlango wa kanisa la Waprotestanti wa Kifaransa, mchongo wa mwaka 1950 unaikumbuka hati ileile. Ukiteremka Charing Cross Road kwa dakika 15 utafika St Martin-in-the-Fields, lenye usharika wa Wachina unaosali kwa Kikantoni na Kimandarini.

Usidhani lugha ndiyo kizuizi pekee kinachowatenga wageni na makanisa ya wenyeji. Watu wa Karibi waliokuja Uingereza kuanzia 1948 walizungumza Kiingereza na wengi walikuwa Waanglikana tayari, lakini katika parokia nyingi walipokelewa kwa ubaridi, wengine wakaelekezwa mlango wa kutokea. Sinodi Kuu ya Kanisa la Uingereza ilipiga kura ya kuomba radhi Februari 2020. Wakati huo wengi walikuwa wamekwisha kuanzisha makanisa yao.

Jumapili tulipanda treni ya kasi kutoka St Pancras hadi Canterbury West, mwendo wa kama saa moja. Zinazotoka Charing Cross huchukua muda mrefu zaidi. Ibada ya Kifaransa huanza saa tisa alasiri katika chumba cha chini ya kanisa kuu la Canterbury, ambako Wawaloni, wasemaji wa Kifaransa kutoka eneo la Ubelgiji ya leo, na Wahugenoti wamesali tangu karne ya 16. Langoni sema unakwenda ibadani, kwa sababu kiingilio ni cha watalii.