Nilivyoacha jedwali nikachora mstari kwa nukta mbili

Niliporudia mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, kila swali la grafu nililianza kwa jedwali: x kuanzia -3 hadi 3, natafuta y zote saba. Kwa mlinganyo kama 2x + 3y = 24 ni mateso. x ikiwa 1 unapata 7.33, ikiwa 2 unapata 6.67, na kwenye karatasi ya grafu nukta hizo unazikisia tu. Mstari wangu ulikuwa unapinda.

Darasani nilishaambiwa inatosha kujua mstari unakata wapi mihimili miwili. Lakini nilikuwa nachanganya: nikitafuta unapokata mhimili wa x, naweka x = 0.

Nilikuja kuelewa kibandani kwa mama mdogo, nilikokuwa namsaidia asubuhi. Andazi shilingi 200, chai 300. Fundi mmoja akaweka 2,400 mezani, akauliza atapata nini yeye na wenzake. Mama mdogo akajibu papo hapo: "Maandazi matupu, kumi na mawili. Chai tupu, vikombe vinane. Au nikuchanganyie, kaka?" Akachukua maandazi sita na chai nne.

Nikabaki na birika mkononi. Maandazi yakiwa x na chai y, ni 200x + 300y = 2,400: mlinganyo uleule, ukigawanya kwa 100! Maandazi matupu maana yake chai sifuri, y = 0, nukta (12, 0), iko juu ya mhimili wa x. Chai tupu ni (0, 8). Na oda ya yule fundi, (6, 4), imelala katikati ya mstari.

Tangu hapo natumia kidole gumba. Nafunika 3y, inabaki 2x = 24. Nafunika 2x, inabaki 3y = 24. Naunga kwa rula, kisha napima nukta ya tatu. Hiyo ya tatu usiiache kabisa. Kwenye 3x − 2y = 6 nilifunika 3x mpaka na alama ya kutoa, nikapata y = 3 badala ya -3, mstari ukainamia upande usio wake. Nilipojaribu (4, 3), ambayo inatimiza mlinganyo, ikawa nje ya mstari. Nikafuta, nikaanza upya.

Ila y = 2x inapita kwenye kitovu: ukifunika huku na huku unarudi (0, 0) tu. Hapo tafuta nukta nyingine, kama (3, 6), ndipo ushike rula.