Chapati zilizokuwa zikikauka kama kadibodi: nilivyozirekebisha

Chapati ikitoka kwenye pani ilikuwa laini, lakini baada ya saa moja ilivunjika kama biskuti. Nilibadilisha unga, nikaongeza mafuta, hata maziwa nikatia. Zikawa tamu zaidi, ila ngumu vilevile.

Kosa lilikuwa kwenye kukanda. Donge likinata vidoleni, mkono unaenda wenyewe kwenye pakiti: unga kidogo hapa, kidogo pale, mpaka maji hayatoshi tena. Sasa napima. Unga gramu 500, maji ya vuguvugu mililita 300, chumvi kijiko kimoja cha chai, mafuta vijiko viwili vikubwa. Likinata, napaka mafuta viganjani; unga siongezi. Nakanda dakika 10, nafunika dakika 30, na kwa baridi ya Nairobi ya Julai nafikisha 45. Ukisukuma na chapati ikajirudisha kuwa ndogo, donge halijapumzika. Usishindane nalo, lifunike tena.

Halafu moto. Pani isiyopata moto vizuri inakausha chapati kabla haijaiva. Tone la maji litoe mlio na kutoweka papo hapo. Upande wa kwanza hauna mafuta, mpaka malengelenge yaanze kutokea. Geuza, paka mafuta, geuza tena.

Zikitoka, zipange moja juu ya nyingine ndani ya kitambaa safi, kisha kwenye hotpoti. Zikiachwa wazi kwenye sahani zitakauka tu, hata donge likiwa zuri namna gani.