Visoda vya silabi: kumbukumbu ya mradi, trei ya kwanza

Lengo ni seti moja ya silabi kwa kikundi cha watoto 6 wa Darasa la Kwanza. Itengenezwe kwa vitu vinavyookotwa mtaani na, hapa ndipo penye kazi, imzuie mtoto kuimba. Watoto wengi wa Dar wanatoka chekechea wakiwa na "ba be bi bo bu" kichwani kama wimbo. Mwonyeshe "bo" peke yake uone midomo: inaanza "ba, be, bi…" kimya kimya mpaka ifike. Huyo anahesabu, hajaanza kusoma. Mchezo wowote unaompa mwanya wa kuhesabu, nautoa kwenye orodha.

Wiki ya 1: vifaa

Silabi zitakaa ndani ya visoda, yaani vifuniko vya bati vya chupa za soda. Kisoda kina upana wa milimita 32 kwa nje, na ndani karatasi ya duara la milimita 25 inakaa vizuri. Nimechora vyumba vya milimita 28 kwenye A4: 7 kwa upana, 10 kwa urefu, jumla 70. Hesabu hiyo imeangukia pazuri. Trei ya kwanza (seti itatunzwa kwenye trei ya mayai) ina konsonanti 6 (m, k, t, l, b, n) na irabu 5, yaani silabi 30, ukijumlisha irabu zenyewe ni 35. Mara mbili, 70. Karatasi moja, seti moja.

Nakala moja moja haifai kabisa: huwezi kuandika "mama" wala "kuku".

Visoda vipo kwenye grosari na kwa mama lishe, ila kifungulio huvikunja katikati. Kiweke juu ya kipande cha mbao, meno yakiangalia juu, gonga mgongo wa ndani kwa kijiti kinene na nyundo ndogo mpaka kilale. Vyenye kutu tupa. Vingine osha kwa sabuni, anika juani mchana kutwa. Kisoda chenye unyevu kitabandua karatasi ndani ya siku chache.

Wiki ya 2: gundi na kichwa chini

Gundi nyeupe ya maji imeshindwa. Ndani ya kisoda kuna utando wa plastiki usionyonya kitu, kwa hiyo gundi inakauka juu yake kama ngozi na karatasi inatoka nzima. Kinachoshika: kwaruza utando kwa msasa, paka gundi ya viatu pande zote mbili, subiri dakika 10, ndipo ubandike. Juu yake weka kipande cha selotepu pana angavu, ukibonyeze mpaka kwenye meno. Bila selotepu, jasho la vidole na joto la hapa vitafuta wino.

Kosa la pili ni kubwa zaidi: duara halina juu wala chini. "u" ikigeuka inakuwa "n". "b" inakuwa "q", herufi ambayo Kiswahili hakina. "bu" iliyolala kichwa chini haisomeki hata na mwalimu. ("nu" inageuzwa ikabaki "nu" ile ile, ukitaka kujaribu.) Dawa: mstari mwekundu chini ya kila silabi, na sheria moja kabla ya mchezo wowote: nyekundu kwa tumbo lako.

Silabi ziandikwe kwa mkono, maka peni nyeusi. Nilianza kwa kuzichapa kwenye kompyuta. Herufi ndogo "a" ya fonti nyingi ina kikofia juu, na mtoto aliyefundishwa "a" ya duara na mkia anadhani ni herufi nyingine.

Wiki ya 3: trei ya mayai

Trei ya mayai 30 ina mashimo 6 kwa 5. Konsonanti 6, irabu 5. Kila shimo lina silabi yake, visoda viwili vinalala humo bila kubana, na jedwali la silabi limejichora lenyewe. Irabu zinakaa kwenye mfuniko wa kopo pembeni. Mwisho wa kipindi shimo tupu linaonekana mara moja, kwa hiyo "le" iliyopotea inatafutwa chini ya madawati kabla kengele haijalia.

Tatizo: trei ni wimbo ule ule kwa umbo la mashimo. Mtoto anayetafuta "to" anaanza kidole kwenye "ta". Kwa hiyo trei inatumika kutunzia na kurudishia tu. Kurudishia ni zoezi zuri: chukua kisoda ovyo, kisome, ndipo ukipeleke kwake. Wakati wa kucheza, trei inaondoka mezani.

Wiki ya 4: michezo

"Okota", yaani mwalimu anataja silabi na watoto wanawania, nimeutupa. Mtoto mmoja mwepesi anaokota vyote na watano wanatazama mikono yake.

Mdako umekaa vizuri kuliko yote. Sakafu ni ya simenti, shimo halichimbiki, basi duara la chaki lenye visoda 12 ndani. Rusha kijiwe, kokota visoda nje, daka. Rusha tena, rudisha vyote isipokuwa kimoja. Hicho kimoja kisome ndani ya pumzi moja kiwe chako. Ukianza "ta, te…" kinarudi duarani. Hapo wimbo unakufa, maana hauna muda. Tandika khanga kuukuu chini, la sivyo kelele za bati zitamleta mwalimu wa darasa la pili.

Mchezo wa pili ni kujenga neno. Kila mtoto anachota visoda 7 bila kuangalia, anajenga neno, analisoma, analiandika. Silabi moja, pointi moja. Konsonanti hizi 6 zinatosha kwa kitabu, kabati, kiatu, limau, katikati, na "kimulimuli" ambayo ni pointi 5 kwa mkupuo. Siku ya kwanza ilionekana upungufu: silabi za "a" zinakwisha haraka, na "m" inayosimama peke yake haikuwepo. Bila hiyo mtoto anaandika "mukate" na "mutoto", kwa sababu seti yenyewe imemlazimisha. Nimeongeza 12: ma, ka, ta, la, ba, na, ki, ku, a, na "m" tatu. Jumla ni visoda 82. Sasa mti, mto, mlima na mkulima vinajengeka.

Maneno yasiyo na maana, kama "tobuki" na "nibeto", nayatumia kupima. Anayesoma "kitabu" huenda amelikariri kwa macho. Anayesoma "tobuki" amesoma.

Wiki ya 5: kutoka kisoda hadi daftari

Daftarini wameandika "ki a tu", silabi zimeachana kama visoda vilivyoachana mezani. Kifaa ndicho kilichofundisha kosa. Hatua mpya: baada ya kujenga, sukuma visoda vigusane, pitisha kidole chini yake ukilitamka neno zima, vifunike kwa kiganja, ndipo uandike bila kuangalia. Kufunika ni lazima, kwani bila hivyo mtoto ananakili mchoro.

Kwa wasioumba herufi vizuri, sinia ya mchanga kabla ya daftari. Kina cha sentimita 1, plastiki ya bluu chini ili mstari uonekane. Mchanga wa ufukweni usiooshwa kwa maji baridi mara tatu una chumvi, chumvi inavuta unyevu, mchanga unashikana na herufi inatoka na kingo zilizomeguka. Wa ujenzi uliochekechwa ni bora.

Inayofuata

Trei ya pili: s, d, p, r, w, y. "d" nimeichelewesha makusudi ili "b", inayofanana nayo kwa umbo, itulie kwanza. "r" italeta "kula" na "kura" kwenye meza moja, kwa hiyo visoda vya "la" na "ra" nitavifanya vinne vinne. "wu" na "yi" kimoja kimoja vinatosha. Darasa la watoto 60 linahitaji seti 10, visoda 820. Hadi leo ndooni vipo 300 na ushee.