Mkate wa kumimina, jaribio la tisa: donge la chini limekwisha

Saa nne usiku huu nimekata mkate wa kumimina, huu wa mchele uliosagwa na tui la nazi, nikakuta matundu kuanzia juu mpaka kwenye ukoko. Donge hakuna. Nimeukata vipande vinane na kila kimoja nimekimulika kwa tochi ya simu, kama fundi anayetafuta ufa ukutani. Hakuna. Viwili nimevila nimesimama, hata sahani sijachukua.

Ugomvi wangu na huu mkate ulikuwa mmoja tu. Juu unatoka vizuri, rangi nzuri, iliki inanukia mpaka kwa mpangaji wa chumba cha mwisho. Ukiukata, chini kuna tabaka jeupe la unene wa kidole, zito, linanata kwenye meno kama ugali uliolala. Mgeni anakula nusu ya juu, ya chini anaiacha pembeni mwa sahani, anashukuru, anaaga. Afadhali angesema!

Mshukiwa wa kwanza alikuwa hamira. Nikanunua mpya, nikaijaribu kwenye maji ya uvuguvugu, ikatoa povu vizuri tu. Donge likabaki. Nikahamia kwenye mchele. Nilikuwa natumia wa Kyela kwa sababu ndio uliokuwa ndani, na kwa wali sina ninaoupenda zaidi, lakini unanata. Nikabadili nikatumia basmati, nikaulowesha usiku kucha. Mkate ukawa mwepesi kidogo, donge likapungua kutoka unene wa kidole gumba hadi wa kidole kidogo. Hapo nikajidanganya kwamba nimefika.

Jaribio la nne na la tano yote yalikwenda kwenye kusaga. Blenda yangu ni ya kutengenezea juisi ya embe, haikuumbiwa mchele. Ukisikiliza unadhani inafanya kazi, kumbe chenga zinazunguka tu pembeni. Kipimo changu sasa ni vidole: chota, sugua, ukihisi mchanga rudisha. Nasaga kidogo kidogo kwa mafungu matatu, kila fungu na tui lake. Maji siongezi hata tone. Na tui liwe kasimele, lile la mkamuo wa kwanza. Nimejaribu la kopo, si baya, ila mkate ulikosa ile harufu inayokufanya ufunue kabla ya wakati. Nimerudi kwenye mbuzi. Kuna watu wananunua mashine ya kukuna nazi, sawa, lakini ile ninayoijua mimi inakuna mpaka kwenye ganda na tui linatoka na rangi ya chai. Mbuzi na kifumbu vinanitosha. Kifumbu hasa, kwa sababu chujio la plastiki linapitisha machicha, na machicha yakiingia kwenye mkate huu utayaona chini yamejipanga.

Jaribio la sita nalitaja kwa sababu limeniachia jina mtaani. Napikia jiko la mkaa, moto mdogo chini, makaa juu ya mfuniko. Nikataka kuchungulia. Nikashika mfuniko kwa koleo, ukayumba, kaa moja likatumbukia katikati ya mkate ambao juu bado ulikuwa haujashika. Ukasikia *chwiiii*. Mtoto wa jirani alikuwa amesimama mlangoni, akauliza, "Mjomba, mbona mkate unavuta sigara?" Tangu siku hiyo nikipita na mfuko wa mkaa naulizwa kama leo mkate una kiberiti. Dawa yake ni ndogo: mfuniko wenye ukingo uliosimama. Sasa natumia sinia kuukuu la bati, makaa hayana pa kuteleza.

La saba nililitupa lote. Niliuacha uji uumuke usiku kucha nikidhani muda zaidi ni matundu zaidi. Asubuhi bakuli limemwagikia kabatini, unanuka uchachu, na sisimizi wameshafika kabla yangu.

Sasa la nane, ambalo ndilo lililofumbua jambo. Nilikuwa katikati ya kusaga umeme ukakatika. Uji ulikuwa na tui, hamira na iliki tu, sukari bado iko kwenye kikombe. Umeme uliporudi nikamalizia kusaga, nikafunika, nikashughulika na mengine, sukari nikaisahau kabisa. Baada ya kama saa moja na nusu nafunua: umejaa, mzito, umevimba kama kichuguu. Sijawahi kuuona hivyo. Nikatia sukari hapohapo, nikakoroga na ute wa yai, nikamimina. Donge lilikuwepo, ila jembamba kama karatasi.

Sikulala. Nikachukua glasi mbili tupu, nikazitia uji uleule uliobaki. Moja nikauacha ulivyo, nyingine nikaongeza sukari mara mbili. Kwenye glasi ya sukari nyingi uji ukalegea ukawa kama maji ya wali, na baada ya saa moja mstari mweupe ukajitokeza chini, unauona kwa macho. Mchele ulikuwa unazama palepale unapoumukia! Yaani donge nilikuwa nalitengeneza kwenye bakuli, kisha naulaumu moto. Mchele hauna gluteni ya kushika hewa kama ngano, kinachoshika matundu ni uzito wa uji wenyewe na ule ute wa yai. Ukiulegeza mapema kwa sukari, hewa inapanda na kutoroka, mchele unashuka na kulala.

Leo nimefanya kwa makusudi. Vikombe viwili vya mchele, kikombe na nusu cha kasimele, sukari kikombe kasoro ikaingia dakika ya mwisho, sufuria nzito ikiwa na mafuta yaliyokwisha pata moto mpaka uji ukalia ulipogusa. Mengine mnayajua.

Nikampigia mama, yuko Unguja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umeunguza tena?"

Nikamweleza habari ya sukari kwa kirefu, glasi mbili na yote. Akanyamaza kidogo.

"Kwani wewe ulikuwa ukiitia saa ngapi?"

Miezi minne! Namsikia kwenye simu "tia sukari", naye kwa mkono wake anaitia ukishaumuka tangu hajaolewa.

Nilikuwa nimepanga wiki ijayo nipime makaa ya vifuu dhidi ya mkaa wa kawaida hapo juu ya sinia, kwa sababu mama anasema vifuu vinatoa moto mkali unaokwisha upesi, na juu ndiko unakotakiwa. Nimeahirisha. Kulikuwa na uji umebaki chini ya bakuli, nikamimina upawa mmoja kwenye kikaango cha chapati, nikafunika. Kikatoka kibibi, kile kimkate chembamba cha mchele cha kikaangoni, chenye matundu kama sega la nyuki, kingo nyembamba, katikati laini. Cha pili kikaganda, cha tatu kikachanika nilipokigeuza. Nadhani kikaango kina moto mwingi upande mmoja. Mchele umeshaloweshwa.