Nilivyounganisha ramani mbili za mmomonyoko kando ya Mto Kagera

Vilima vya Ngara, Tanzania, na vya Kirehe, Rwanda, vinatazamana pale Rusumo, Mto Kagera ukipita katikati. Mvua ni ile ile, udongo hautofautiani sana. Lakini tulipoziweka ramani zetu mbili pamoja, upande mmoja ulikuwa mwekundu, hatari kubwa ya mmomonyoko, na wa pili njano. Rangi ilibadilika mtoni kabisa. Nikapewa kazi ya kuzioanisha.

Kanuni haikuwa tatizo. Wote tulitumia RUSLE, kanuni ya kukadiria udongo unaopotea kwa mwaka, inayozidisha nguvu ya mvua, wepesi wa udongo kumomonyoka, mteremko, uoto na hatua za hifadhi. Tofauti ilijificha kwenye takwimu tulizoingiza.

Maabara moja ilipima kaboni, inayoonyesha kiasi cha mboji kwenye udongo, kwa njia ya Walkley-Black: dikromati na asidi ya salfuriki, kisha fundi anadondosha myeyusho wa chumvi ya chuma tone kwa tone huku akiviziavizia rangi igeuke. Njia hii haiikamati kaboni yote. Kwa wastani hupata kama asilimia 77, ndiyo maana wengi huzidisha kwa 1.3. Maabara ya pili ilichoma udongo kwenye tanuri na kuipata karibu yote. Mboji ikionekana pungufu, kanuni inauhesabu udongo kuwa dhaifu. Isitoshe, maabara moja ilihesabu chembe za tope laini hadi ukubwa wa milimita 0.05, nyingine hadi 0.02.

Wenzangu walitaka tuchague njia moja, ya zamani itupwe. Nilikataa kwa nguvu zote. Sampuli za miaka iliyopita haziwezi kuchukuliwa upya, na bila hizo hatutajua ardhi imeharibika kiasi gani. Tulichofanya ni kuchukua udongo wa pande zote mbili, tukaukausha, tukauchekecha kwa chekeche la milimita 2, tukauchanganya, kila mfuko ukagawanywa kwa maabara zote mbili. Majibu yakatupa mlinganyo wa kugeuza vipimo vya huku viwe vya kule. Mlinganyo huo ni wa udongo wetu; 1.3 ya vitabuni haikututosha.

Mteremko ulikuwa rahisi: tuliacha data ya mwinuko yenye kipimo kimoja kila mita 90, inayolainisha vilima, wote tukatumia ya kila mita 30. Kuhusu rangi, tulikubaliana kwanza tuonyeshe tani kwa hekta kwa mwaka, kisha kila nchi iamue wapi hatari inaanzia.

Halafu tukapanda vilimani kuhakiki. Mzee mmoja alituonyesha jiwe lenye mstari, juu jeusi, chini jekundu. "Wanangu, udongo ulikuwa unafika hapa." Mizizi ya migomba yake ilikuwa nje. Ramani mpya ilimweka kwenye wekundu, na wekundu ule sasa ulivuka mto kufuata miteremko.

Kipengele cha hifadhi bado tunakibishania. Matuta ya ngazi yaliyotunzwa na yaliyobomoka kingo hayastahili alama moja, na kwa sasa kila upande unayapa alama yake. Msimu ujao wa mvua tutapima tope linalotoka kwenye matuta ya pande zote, kwa vifaa vya aina moja.