Siku moja kwenye benchi la streptokoki

Saa 2:00 asubuhi. Sahani za agari (jeli ya kuoteshea bakteria), zilizopakwa streptokoki na kuwekewa diski za antibiotiki, ziliingia inkubeta jana saa 6 mchana. Zimetimiza saa 20, tayari kusomwa. Toa kifuniko, inamisha sahani chini ya taa huku na huku. Kinachopimwa kwa rula ni duara tupu kuzunguka diski, hadi mahali bakteria ilipokoma kuota. Streptokoki za kundi A na B huyeyusha damu iliyo kwenye agari, na mgeni wa benchi hujikuta akipima weupe wa damu badala yake.

Saa 3:00. Kundi B la mama mjamzito mwenye mzio wa penisilini. Wodi inasubiri jibu la klindamaisini, dawa mbadala. Duara tupu ni milimita 22, na kiwango cha kusema dawa inafaa ni 19 au zaidi. Lakini upande unaotazama diski ya erithromaisini umebonyea, umbo la herufi D. Jibu: sugu. Erithromaisini imeamsha usugu uliokuwa umelala. Diski hizo mbili zikipangwa mbali, bonyeo halionekani. Ziache milimita 12, ukingo hadi ukingo.

Saa 4:00. Pneumokoki, streptokoki ya nimonia; penisilini hupimwa kwa diski ya oksasilini mikrogramu 1. Milimita 20 au zaidi, penisilini inafaa. Ikiwa 19 kushuka, usiandike "sugu": pima kwanza kiwango cha chini cha penisilini kinachozuia bakteria. Na kundi A likionekana kuishinda penisilini, rudia utambuzi wa bakteria kabla ya kumpigia daktari. Karibu kila mara kosa ni letu.

Saa 6:00 mchana, sahani mpya. Koloni za usiku mmoja kwenye salini (maji ya chumvi) hadi ukungu ulingane na McFarland 0.5, chupa ya kulinganishia ukungu, halafu itumike ndani ya dakika 15 tu. Kamua swabu ukutani mwa chupa, paka sahani kwa pande tatu. Agari ya Mueller-Hinton iwe na kina cha milimita 4 na damu ya kondoo asilimia 5. Chupa zilizopitwa na muda za benki ya damu zinashawishi kwa kuwa ni za bure. Mimi sizigusi: zina sitrati ya kuzuia damu kuganda, kingamwili, pengine hata dawa alizomeza mchangiaji. Sahani ya milimita 100, diski nne, basi.

Pasipo inkubeta ya kabonidayoksaidi, sahani huingia mtungi wa mshumaa: mshumaa huwaka ndani ya mtungi uliofungwa hadi uzimike, ukiacha kabonidayoksaidi. Hewa hiyo huongeza asidi kwenye agari na kupunguza duara la erithromaisini, kwa hiyo ATCC 49619, pneumokoki ya kukagua ubora ambayo duara zake zinajulikana, huingia mtungi uleule. Ikitoka nje ya kiwango chake kesho, majibu ya mtungi mzima hayatoki.