Nilivyoiokoa baraza ya nyumba yetu Uhindini

Kaka yangu alikuwa ameshaongea na mwenye greda. Nilipopata habari, zilibaki wiki mbili nyumba ivunjwe.

Nyumba yenyewe iko Uhindini, Iringa mjini. Babu aliinunua kwa mfanyabiashara wa Kihindi baada ya uhuru. Mbele ina baraza ya nguzo za mbao, na chini ya ukingo wa bati kuna ubao uliotobolewa maua maua, kama kitambaa cha meza kilichofumwa. Nyuma kuna jiko la zamani na uwanja mpana usio na kazi. Kaka alitaka ghorofa la fremu za biashara. Simlaumu hata kidogo. Fremu mtaa ule zinalipa, paa lilikuwa linavuja, na ada za watoto hazisubiri.

Mimi nilidhani serikali inailinda. Nikaenda kwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya mambo ya kale. Nilipomaliza kumwamkia akaniuliza, "Mwanangu, ilijengwa kabla ya 1863?"

Nikashangaa. Akanieleza kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka huo. Ya baadaye yanahitaji Waziri ayatangaze kwenye Gazeti la Serikali, moja moja au eneo zima. Sasa piga hesabu: ngome ya Mkwawa pale Kalenga ilianguka Oktoba 1894, na mji huu wa kilimani ukajengwa na Wajerumani baada ya hapo. Yaani Uhindini nzima, na soko, na Boma lenyewe ambalo tangu 2016 ni makumbusho, vyote ni vichanga mbele ya mstari huo. Niliumia moyoni, kwa sababu nyumba hizi ndizo zinazoeleza Iringa ilivyokuwa mji.

"Usikimbilie wizarani," mzee akasema. "Anzia mipango miji. Wao ndio wanaopanga jengo liwe refu kiasi gani na likae umbali gani toka barabarani. Na nenda na karatasi, usiende na machozi."

Kaka akanipa mwezi mmoja, kwa shingo upande. Nilipima nyumba kwa futi kamba nikiwa na mwanangu, chumba kwa chumba, nguzo kwa nguzo. Nikapiga picha za mbele, za kenchi kwa ndani, na za ule ubao wa maua kwa karibu. Nikaandika yote aliyokumbuka shangazi: nani alijenga, duka liliuza nini, nani walipanga. Nikatoa nakala ya hati.

Afisa mipango miji aliyenipokea alizitazama picha kwa muda mrefu. Kisha akaniambia jambo lililogeuza kila kitu. Ukivunja na kujenga upya, kibali kitakutaka urudi nyuma toka barabarani kwa vipimo vya sasa. Baraza itakwenda, na kipande cha kiwanja kitakwenda nayo. Ukikarabati, nyumba inabaki pale pale ilipo.

Nilirudi nyumbani na hoja ambayo kaka angeielewa. Hatukuzungumzia historia siku hiyo. Tulichora kwenye daftari: nyumba ya mbele ibaki, ukumbi wa katikati uwe njia, fremu sita zijengwe uwanjani nyuma. Akahesabu, akafuta, akahesabu tena. "Greda nitamwambia asije," akasema.

Kazi ya ukuta ndiyo iliyonifundisha zaidi. Miaka ya nyuma tulipiga lipu ya saruji juu ya tofali za udongo, tukiona tunaimarisha. Fundi mzee aligonga kwa ncha ya nyundo, lipu ikadondoka kipande kizima kama sahani, na nyuma yake tofali lilikuwa unga. Ukilishika linabaki mkononi. Maji yaliingia kwa chini, saruji ikayazuia yasitoke, na ukuta ukaoza kwa ndani. Tukabandua yote, tukabadilisha tofali zilizokufa, tukapiga chokaa na mchanga. Chokaa inapumua. Inataka subira, maana baridi yetu ya Juni inaichelewesha kukauka, na fundi hakubali kuharakishwa na mtu yeyote.

Zanzibar wana mamlaka maalumu ya Mji Mkongwe tangu 1985, na UNESCO ikaja kuutambua mji huo mwaka 2000. Walianza wenyewe. Hilo lilinitia nguvu nikapita kwa majirani na daftari lile lile. Tulipata nyumba kumi na moja, kila moja na picha, vipimo na kisa chake. Tukaomba kwa maandishi, kupitia ofisi ya mtaa, kwamba mpango kabambe, yaani mpango mkuu wa mji, utakapopitiwa upya, mtaa huu uwekewe kikomo cha urefu na mstari wa baraza uheshimiwe. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inawapa wananchi nafasi ya kusikilizwa, tukaitumia. Barua imegongwa muhuri wa kupokelewa, jibu bado.

Moja kati ya zile kumi na moja imeshavunjwa. Picha zake ninazo. Jana mwenye nyumba ya tatu toka kwetu alikuja kuazima futi kamba, akaniuliza pia namba ya yule fundi wa chokaa.